Nani Humwongoza Anayejiongoza? Uhakiki wa Maandishi ya Njia za Mto Kiyira

Utangulizi

Katika makala haya tunahakiki aina ya maandishi ambayo kwa kawaida haiingii katika silabasi zetu za fasihi wala za sarufi. Aina hiyo ni maelezo ya njia. Tunakusudia maandishi anayoyashika mtu aliyeamua kutumia likizo yake kutembea kwa miguu siku kadhaa katika mabonde na makorongo ya mto, bila kuwa na mwongoza watalii. Huko Ulaya likizo za namna hii huuzwa na makampuni. Mteja hupewa ramani na kijitabu, na mizigo yake hutangulizwa kwa gari hadi nyumba ya wageni atakapolala. Yeye hubaki na mkoba mgongoni, chupa ya maji na yale maandishi. Husemwa kwamba mtu huyo anajiongoza.

Sisi tunadai kwamba hajiongozi. Anaongozwa na aliyeandika, na tofauti yake na mwongozaji wa kawaida ni kwamba mwandishi hayupo njiani kujibu swali. Kwa sababu hiyo maelezo ya njia yana wajibu mzito kuliko insha nyingi tunazosahihisha. Insha mbaya humchosha msomaji, lakini maelezo mabaya ya njia humpoteza, na korongoni kupotea kunaweza kugharimu maisha. Maandishi haya basi yanastahili kuhakikiwa kwa makini yaleyale tunayotumia kwa riwaya na tamthilia. Tutayapima kwa maswali matatu. Je, yanataja mahali kwa majina wanayoyajua wenyeji? Je, yanasema ni nini kinachobadilika njiani? Je, yanamwachia msafiri nafasi ya kuuliza?

Mfano wetu mkuu ni mto ulio karibu nasi, yaani Naili, ambao Waganda na Wasoga huuita Kiyira, na hasa sehemu yake ipitayo Budondo, kaskazini mwa Jinja.

Budondo na mto uliobadilika

Budondo iko ukingo wa mashariki wa mto, upande wa Busoga. Ni nchi ya mashamba ya miwa, kahawa, mahindi na migomba, inayoteremka hadi majini. Kwa miaka mingi wageni walifika huko kwa ajili ya maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga huyaita Budhagali. Maji yalishuka kwa ngazi ngazi katikati ya visiwa vyenye miti, na vijana wa pale walijitosa wakiwa wamekumbatia madumu ya plastiki, wakalipwa na watazamaji kwa ujasiri wao. Kwa imani ya wenyeji, hapo palikuwa makao ya roho ya Budhagali, na yupo mzee aliyelibeba jina hilo kama mhudumu wake.

Ujenzi wa bwawa la umeme la Bujagali ulianza mwaka 2007. Kufikia mwisho wa mwaka 2011 maji yalikuwa yameyafunika maporomoko, na Oktoba 2012 mtambo wenye uwezo wa megawati 250 ulizinduliwa rasmi. Mbele zaidi, kufuata maji, bwawa la Isimba la megawati 183 lilizinduliwa Machi 2019, nalo likafunika sehemu nyingine za maji makali. Utawala nao umebadilika. Jinja ilipopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, Budondo iliingizwa katika eneo la kaskazini la jiji hilo.

Hatuyataji mambo haya ili kupinga umeme. Darasa letu linawaka taa kwa umeme huo. Tunayataja kwa sababu yanahusu maandishi. Kitabu cha wageni kilichochapwa mwaka 2009 bado kiko rafuni, na ndani yake maporomoko ya Bujagali yananguruma kama kawaida. Anayekifuata atafika mahali penye jina lilelile akakuta ziwa lililotulia. Jina limebaki na kilichoitwa kwa jina hilo kiko chini ya maji. Mtu wa kumweleza hivyo ni mkazi wa Budondo, si kitabu.

Speke na wiki moja ya kutembea

Maelezo ya kale ya kutembea kando ya sehemu hii ya mto yanayojulikana sana ni ya John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, Journal of the Discovery of the Source of the Nile. Tarehe 21 Julai 1862 Speke aliufikia mto mahali alipopaandika Urondogani. Mwenzake, James Grant, alikuwa ametumwa kwa njia nyingine kuelekea Bunyoro. Kutoka Urondogani Speke alitembea akiyapinga maji, upande wa Buganda, ng'ambo ya nchi tunayoizungumzia, hadi tarehe 28 Julai alipoyaona maji yakitoka ziwani. Ilikuwa wiki moja ya kutembea kwa miguu kando ya mto.

Hatuna budi kumpa haki yake. Speke alikuwa na jicho. Anaeleza samaki wanaoruka dhidi ya maporomoko, wavuvi wa Kiganda na Kisoga waliosimama juu ya miamba na ndoana zao, viboko na mamba majini, kivuko kilicho juu kidogo, na ng'ombe wanaoshushwa kunywa maji. Anayesoma hapo anaona mto unaofanya kazi, wenye watu wenye shughuli zao. Wanafunzi wetu wangejifunza mengi kutoka kwa aya hiyo, kwani kila kitu ndani yake kina kitenzi.

Kisha anafika kwenye jina. Yeye mwenyewe ameandika kwamba Waganda waliyaita maporomoko hayo "mawe". Neno hilo tunalo mpaka leo: kwa Kiganda ejjinja ni jiwe, Wasoga huuita mji huo Idhindha, na ramani zimeandika Jinja. Speke alikuwa nalo mkononi, akaliweka kando, akayaita maporomoko kwa jina la Ripon, bwana mkubwa wa Kiingereza aliyekuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia ya London safari ilipokuwa ikitayarishwa.

Wahakiki wengi wameshalaani tendo hilo kwa misingi ya siasa, na hatuna haja ya kurudia. Sisi tunaongeza lawama ya kiufundi. Kama maelezo ya njia, jina hilo halifai, kwa sababu msafiri aliyekuja nyuma ya Speke asingeweza kumwuliza mvuvi yeyote njia ya kwenda Ripon. Jina "Mawe" lingemfikisha, na isitoshe linaeleza: anayelisikia anajua atakuta nini. Bwawa la Owen lilipokamilika mwaka 1954, maporomoko ya Ripon yalizama. Jina Ripon likabaki vitabuni na neno la Mawe likabaki mjini, vinywani mwa watu.

Lipo jambo la pili. Kitabu cha Speke ni simulizi la mtu aliyegundua, lakini humohumo wamejaa waliomwongoza. Alikuwapo Kasoro, mjumbe wa Kabaka Mutesa. Alikuwapo kiongozi wa mahali, aliyemwita Nango, aliyewapokea karibu na maji makali ya Isamba kwa ndizi, samaki wakavu na pombe. Juu ya wote alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akafika India, kisha akarudi Afrika Mashariki. Bombay na Speke walielewana kwa Kihindustani, naye akawageukia wenzake wa msafara kwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika kando ya Kiyira mwaka 1862. Hata neno "pombe" limo katika kitabu hicho kama lilivyo. Lakini maelekezo yenyewe, yale ya "pita hapa, kule kuna tope", yaliyosemwa kwa lugha zetu asubuhi hadi jioni, hayakuandikwa. Kilichohifadhiwa ni matokeo yake tu, kana kwamba msafiri alijiongoza.

Mwalimu wa Rougon

Ili tusije tukadhaniwa kwamba tatizo ni la wageni wote na la daima, tutazame mfano wa Ufaransa. Kusini mwa nchi hiyo lipo korongo la mto Verdon, ambalo kuta zake za mawe ya chokaa hupanda mamia ya mita. Mwaka 1905 mtafiti wa mapango, Édouard-Alfred Martel, alilipita korongo hilo akiwa na wenzake. Mmoja wao alikuwa Isidore Blanc, mwalimu wa shule katika kijiji cha Rougon kilicho juu ya korongo. Baadaye njia ya miguu ilitengenezwa humo. Ina ngazi za chuma na mahandaki yenye giza yanayohitaji kurunzi, na ni miongoni mwa njia zinazopendwa sana na wale wanaotembea bila mwongozaji. Njia hiyo inaitwa njia ya Blanc na Martel.

Tunawaomba walimu wenzetu waliangalie jina hilo vizuri. Mwalimu wa kijiji ametajwa, tena ametangulizwa kabla ya mtaalamu kutoka Paris. Anayetembea humo leo, akijiita mwenye kujiongoza, kila anapotamka jina la njia anamtaja mwenyeji aliyeijua nchi. Hatusemi kwamba Wafaransa walikuwa wema kuliko Waingereza, kwani walichokifanya katika makoloni yao kinajulikana. Tunasema tu kwamba jambo hili linawezekana, na kwamba mwalimu wa lugha katika kijiji anaweza kuwa sehemu ya njia.

Yasiyosemwa kuhusu maji

Swali letu la pili lilihusu kinachobadilika. Katika korongo, kinachobadilika kwanza ni maji. Mfano wenye uchungu uko Kenya, katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli. Humo limo korongo la Ol Njorowa, jembamba, lenye kuta zilizolainishwa na mafuriko ya zamani. Aprili 2012 maji ya ghafla yaliwachukua vijana saba wa kundi la kanisa. Septemba 2019 mafuriko mengine yaliwakumba wageni humohumo. Watu kadhaa walifariki, na mwongozaji wao akiwa miongoni mwao. Korongo likafungwa baada ya ajali hiyo.

Korongo la aina hiyo hujazwa na mvua iliyonyesha mbali. Aliye ndani anaweza kuwa na jua utosini wakati maji yako njiani kumjia. Kwa hiyo kupendezwa na kuta, kivuli na rangi za miamba hakutoshi katika maandishi ya njia. Swali la kwanza ambalo maandishi lazima yalijibu ni hili: maji ya hapa hutoka wapi, na leo huko yatokako hali ikoje? Ajali ya mwaka 2019 inatukumbusha kwamba hata kuwa na mwongozaji si kinga peke yake. Kinga ni habari ya maji ifikapo kwa wakati kwa mtu anayejua la kufanya nayo.

Kiyira ina namna yake. Huko Budondo mto hautegemei mvua ya leo peke yake. Chini ya bwawa, kimo cha maji hutegemea pia mitambo na milango ya bwawa. Mwamba uliokuwa mkavu asubuhi unaweza kuwa na maji baadaye. Mvuvi wa pale analijua hilo bila kitabu. Ramani ya simu hailijui. Humwonyesha msafiri nukta aliposimama, na kwa kazi hiyo tunaishukuru, ila haimwambii kama mwamba aliosimama juu yake utakuwa bado mwamba saa kumi jioni.

Je, Kiswahili kinaweza?

Baadhi ya wanafunzi wetu husema Kiswahili ni lugha ya pwani, yenye utajiri wa maneno ya bahari na jahazi, na kwamba hakina maneno ya korongo. Hatukubaliani nao. Kiswahili kimetembea bara kwa miguu kwa muda mrefu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa maelezo ya safari yaliyosimuliwa na Waswahili wenyewe, baadhi ya safari za bara na nyingine za mbali kama ile ya Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia. Fasihi ya njia ipo kwetu kwa zaidi ya karne moja. Kilichokosekana ni sisi kuifundisha kama fasihi.

Isitoshe, lugha hii ina silaha ambayo wanafunzi wengi hawaitumii, nayo ni ngeli za mahali. Tutazame sentensi tatu: "Korongoni pana maji", "Korongoni kuna maji", "Korongoni mna maji." Ya kwanza inaonyesha mahali mahususi, kana kwamba mwandishi ananyoosha kidole. Ya pili inaonyesha eneo kwa ujumla, huko kwenye korongo. Ya tatu inasema maji yako ndani yake. Kwa mtu anayetembea, tofauti hii ni tofauti ya kuvua viatu au kutovua. Wanafunzi wengi huandika "kuna" kila mahali. Hapa Uganda ipo sababu ya ziada: katika Kiganda ku- huonyesha juu ya kitu, kama mezani, ilhali mu- huonyesha ndani kama kwetu. Mwalimu akiwalinganishia wanafunzi lugha hizi mbili, somo la ngeli za mahali hupata uhai ambao majedwali ya upatanisho hayautoi.

Tazama pia neno lenyewe la korongo. Kamusi hulipa maana zaidi ya moja: ni bonde lenye kina lililochimbwa na maji, tena ni ndege mwenye miguu mirefu, na mmoja wa jamaa zake, korongo taji, amekaa katikati ya bendera ya Uganda. Upatanisho ndio utuondoleao mashaka. Aandikapo mtu "korongo limejaa", msafiri atarudi nyuma. Aandikapo "korongo ameonekana", atatoa kamera. Mwanafunzi anayeuliza upatanisho wa kisarufi unamfaa nini apewe mfano huu.

Neno maporomoko linahitaji uangalifu zaidi. Huko Sipi, katika miteremko ya mlima Elgon kaskazini-mashariki ya Mbale, maji huanguka kutoka juu ya genge, na poromoko kuu hufikia karibu mita 100. Huko Itanda, mbele ya Budondo, hakuna maji yanayoanguka hivyo. Mto wote hupita kwa hasira katikati ya miamba, ukishuka kidogo kidogo. Tukiyaita yote mawili "maporomoko" bila kuongeza neno, msafiri atatafuta Itanda kitu kisichokuwapo, na huenda akalidharau lililopo, ambalo ni hatari zaidi kwa anayekaribia ukingo. Tunapendekeza maelezo ya wazi: kwa Sipi, maji yaangukayo kutoka gengeni, kwa Itanda, maji makali ya miambani. Hapa hatuhitaji istilahi mpya. Tunahitaji kutazama kabla ya kuandika.

Mwisho ni neno kushoto. Anayetoka Bujagali kwenda Itanda ukingo wa mashariki ana mto mkono wa kushoto. Speke, aliyekuwa ng'ambo akielekea upande wa pili, naye alikuwa na mto mkono wa kushoto. "Mto uwe kushoto kwako" ni kweli kwa wote wawili, na mmoja anakwenda ziwani na mwingine anaondoka ziwani. Maelezo ya kando ya mto yaseme daima kama msafiri anafuata maji au anayapinga, na kama yuko ukingo upi. Kiswahili kina maneno hayo yote: ukingo, ng'ambo, mkondo, kivuko, mteremko. Hata kitenzi cha mabaharia, kuambaa, kinafaa sana: "ambaa ukingo" humwambia mtu afuatane nao bila kuusogelea mno.

Mfano wa kulinganisha

Tuchukue sasa aina ya sentensi tunazokutana nazo katika mazoezi: "Tembea mita mia tatu kisha geuka kushoto kwenye njia panda. Kuna mandhari nzuri ya maporomoko. Furahia!" Sarufi haina kasoro kubwa. Lakini matini haya yangeweza kuwa ya mahali popote duniani. Hayana mto, hayana jina, hayana mtu, na yanamwamuru msafiri afurahi kabla hajafika.

Tumejaribu na wanafunzi kuandika namna nyingine, na hii ndiyo sehemu ya rasimu yao:

"Anza asubuhi na mapema kutoka Bujagali, ambayo Wasoga huiita Budhagali, ukingo wa mashariki. Utafuata maji, nao mto utakuwa kushoto kwako. Ziwa tulivu unaloliona lilianza kujaa mwaka 2011; chini yake mna miamba ya maporomoko ya zamani. Ukilikaribia bwawa usitafute njia ya mkato. Rudi barabarani, ulizia njia ya Itanda. Kijia kikiingia shambani, simama. Shamba lina mwenyewe. Msalimie kwa Kisoga, 'Kodheyo', kisha umwombe ruhusa ya kupita. Mwulize pia maji yakoje leo. Itanda pana miamba mipana inayovutia kukaa. Kaa mbali na iliyolowa. Maji unayoyatazama huitwa Itanda upande huu. Walio ng'ambo, upande wa Kayunga, huyaita Kalagala. Ukipotea, taja jina linalofaa kwa ukingo uliopo."

Rasimu hii ina kasoro zake. Haisemi umbali kati ya kituo na kituo, wala mahali pa kupata maji ya kunywa. Hata hivyo inajibu maswali yetu yote matatu. Majina ni ya wenyeji. Mabadiliko yametajwa, tena kwa mwaka. Nafasi ya kuuliza imeachwa makusudi, na mwenye shamba ameingia katika matini kama mtu mwenye mamlaka, si kama sehemu ya mandhari. Tunapenda zaidi pale inapokiri kwamba maji mamoja yana majina mawili. Maandishi ya wageni kwa kawaida huchagua jina moja na kuliacha la pili. Tena jambo hilo lina uzito, kwa kuwa ni mahali hapohapo ambapo serikali ya Uganda ilikubaliana na Benki ya Dunia mwaka 2007 paachwe bila bwawa, kama fidia ya kuzamishwa kwa Bujagali. Watakaopatembelea na kupaandika ndio watakaosaidia ahadi hiyo isisahaulike.

Hoja ya lugha ya mahali

Yupo atakayeuliza: lugha ya Budondo ni Kisoga, basi Kiswahili kinatafuta nini hapo? Swali ni halali. Hatutaki Kiswahili kifanye huko kile ambacho Kiingereza cha Speke kilikifanya, yaani kufika na kubadilisha majina. Kazi ya Kiswahili ni ya daraja. Msafiri kutoka Kisumu, Mwanza au Bukavu hajui Kisoga, na mara nyingi maandishi anayopewa kuhusu jirani yake ni ya Kiingereza, yaliyoandikiwa mtu wa mbali. Kiswahili kimfikishe hadi kwenye salamu ya Kisoga, kisha kikae kando. Kwa hiyo majina yaandikwe kama wenyewe wanavyoyaandika, na palipo na sauti ngeni ielezwe. Mswahili akiona dh katika Budhagali ataitamka kama katika dhahabu, na sauti ya Kisoga si ileile. Maelezo ya mstari mmoja yanatosha kumsaidia.

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kukitumia kwa mujibu wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo ni mazuri, lakini lugha haijengwi kwa maamuzi peke yake. Hujengwa inapomfaa mtu aliye njiani, jua likizama, asiyejua ashike kijia kipi.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo mawili kwa walimu wenzetu. Kwanza, maelezo ya njia yaingizwe katika kozi za uandishi na yahakikiwe kama matini kamili, kwa maswali matatu tuliyoyatumia hapa. Pili, kila mwanafunzi aandike njia moja ya nyumbani kwao, iwe ya mto, mlima au mtaa, kisha ampe mwenzake asiyeijua aifuate huku mwandishi akiwa amekaa kimya. Mahali atakapokwama mwenzake ndipo penye alama nyekundu, na hapo mwalimu hana haja ya kubishana na mtu.

Kazi hiyo ianze mapema. Wazee wa Budondo wanaokumbuka mpangilio wa miamba ya Budhagali, jina la kila kisiwa na mahali palipovukika wakati wa maji machache, wako hai, lakini umri unasonga. Njia hiyo haiwezi kutembewa tena. Inaweza kuandikwa bado, kwa Kisoga na kwa Kiswahili, na wanafunzi wa kuiandika wamo madarasani mwetu muhula huu.